Mkono Uliotangazwa Umepona

Januari 7, Jumanne

Wameanza kuchoma miwa. Asubuhi nilianika jezi za timu zikiwa nyeupe kama maziwa, na kabla kahawa haijachemka majivu yalikwisha kuzishukia, marefu, meusi, kama nywele za shetani akinyolewa. Ukiyagusa yanapaka, ukiyapuliza yanasagika. Nimezirudisha zote karaini. Tangu niolewe nikaletwa hapa kambini kwa wakata miwa, kiwanda cha sukari hakijawahi kutuambia kesho kinachoma shamba gani. Mabwana wale wangefua nguo zao wenyewe siku moja tu, wangetuambia.

Naandika kwa sababu Dada Obdulia wa kanisani, aliyenifundisha herufi nikiwa nimeshazika mume, amesema mkono usioandika husahau. Shule sikuikanyaga. Nilijifunzia kusoma kwenye Maandiko na kwenye zile kurasa za besiboli anazofungia samaki muuza samaki. Kwa hiyo ninayoyajua ni mawili, neno la Mungu na besiboli. Mengine nawaachia wenye vyeti.

Januari 11, Jumamosi

Simba wa Yuda wameshinda. Ndiyo timu ya kanisa letu. Uwanja uko nyuma ya kanisa, na ukuta wa kanisa ndio mwisho wa uwanja upande wa kulia, basi mpira ukipigwa sana unatua juu ya bati letu. Mchungaji Arsenio akiwa katika maombi na mpira ukitua, yeye husema "Amina!" akaendelea.

Eliander wangu ndiye mrushaji. Ana miaka kumi na sita, mtoto wa binti yangu Mirelis, aliyeko Puerto Rico anatunza vikongwe vya watu huku mimi kikongwe chake nikimtunzia mwanawe. Anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, ananyanyua goti hadi kifuani, halafu ule mkono unatoka nyuma kama mjeledi. Mpigaji anabaki na gongo lake hewani. Anachosikia ni mpira ukilia ndani ya glavu ya mdakaji. Mungu anisamehe, nikimwona hivyo nasahau kama nina miguu mibovu.

Duru ya mwisho mtoto alichoka. Ndugu Ubaldo, kocha wao, ambaye pia ni shemasi, akatembea polepole hadi kwenye kichuguu akanyoosha mkono. Eliander akaweka mpira kiganjani mwake, akashuka. Hakuna ubishi. Hii ndiyo sheria ninayoipenda kuliko zote za mchezo huu: mkono ukinyooshwa, mpira unatolewa. Husemi "bado ninaweza," husemi "mmoja wa mwisho." Unampa, unakwenda kukaa, mwenzako anaendelea. Laiti na Ikulu ingekuwa hivyo.

Januari 18, Jumamosi

Imekuja habari kwamba Machi atafika mtafuta vipaji wa timu za Marekani. Tangu habari hiyo ifike, Ubaldo amesahau kunyoosha mkono. Leo mtoto amerusha mechi nzima. Jana mazoezi, juzi mazoezi. Amerudi ameshika kiwiko kama mtu aliyebeba yai.

Nimemwambia Ubaldo, "Hata punda wa kiwanda anafunguliwa jioni."

Akacheka. "Mama Vinda, kijana ana mkono wa chuma."

"Chuma kinashika kutu, wewe. Huyu ni nyama."

Januari 19, Jumapili

Leo Mungu ametenda! Mchungaji alimwita Eliander mbele, akampaka mafuta kiwikoni, kanisa zima tukanyoosha mikono. Ngoma, vifijo, watu wanalia. Ubaldo alilia kuliko wote. Mchungaji akamshika mabega akamwambia, "Umepona! Sema umepona!" Mtoto akatazama kiwiko, akatazama watu, ngoma bado inapigwa, akasema, "Nimepona."

Bati nusura liruke. Niliruka hadi leso ikanidondoka. Njiani nikampitishia habari kila mwenye masikio, nikaishia kwa Nereida, jirani yangu Mkatoliki, aliyekuwa uani anavuta sigara.

"Haya, shoga," akasema, "basi mwambie mchungaji apitie hapa, nina goti."

"Goti lako linangoja kwanza uache hiyo sigara."

"Kwani navutia gotini?"

Januari 25, Jumamosi

Ameshinda tena. Majivu. Nimefua kutwa.

Februari 4, Jumanne

Eliander anakula kwa mkono wa kushoto.

"Tangu lini wewe mtu wa kushoto?"

"Najizoeza tu, Bibi."

"Kula maharage nako kunataka mazoezi?"

Akacheka, akala haraka, akatoka. Hata ukoko wa wali ameuacha. Ukoko! Tangu apate meno hajawahi kuniachia ukoko.

Februari 12, Jumatano

Nereida amerudi kanisani kwao na msalaba wa majivu kwenye paji la uso. Nikamwambia, "Nyinyi mnaenda kuyatafuta, mimi kiwanda kinaniletea hadi kwenye kamba." Tukacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Vinda, mjukuu wako ana nini? Juzi kaja ananiomba nimfunge kamba za viatu. Kasema wewe una shughuli."

"Kamba za viatu?"

"Na alikuwa kachana nywele upande mmoja tu."

Nilijifanya najua. Sikujua.

Februari 20, Alhamisi

Nguo hazijui kudanganya. Jezi ya mtoto huyu nimeifua tangu akiwa wa kuokota mipira, naijua harufu ya jasho lake kama mchungaji anavyomjua kondoo. Leo mkono wa kulia wa jezi unanuka kafuri. Dawa ya kuchua, imelowa hadi kwapani. Nimesugua haitoki. Mtu aliyepona anachuliwa nini?

Februari 21, Ijumaa

Amerudi kutoka mazoezini nikamfungia mlango.

"Vua shati."

"Bibi, mimi mkubwa sasa!"

"Nimekuogesha mimi. Vua."

Akavua kwa mkono mmoja, kwa ustadi wa mtu aliyekwisha zoea. Kiwiko kimevimba, kimekuwa kama boga changa. Haunyooki ule mkono, umebaki umepinda kama mpini wa kikombe.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile."

"Siku ipi?"

"Siku niliyopona."

Nikakaa.

"Nani anakuchua?"

"Ndugu Ubaldo."

"Kwa hiyo anajua! Na wewe, mdomo ulipewa wa kulia ukoko tu? Mbona husemi?"

Akanitazama kama kwamba mimi ndiye mtoto. "Nilishasema nimepona, Bibi. Mbele ya kanisa lote. Nikisema leo naumwa, mwongo nani? Mimi au Mungu?"

Nikamkaangia mayai na ndizi za kuponda, nikamlisha kwa kijiko, naye akakubali. Mrushaji wa Simba wa Yuda! Hasira niliyo nayo ukiitia kwenye tanuri la kiwanda inasaga miwa hadi Pentekoste.

Februari 22, Jumamosi

Nimemkuta Ubaldo uwanjani anachora mistari kwa chokaa.

"Amani, mama."

"Amani yako itie mfukoni. Mtoto wangu anaumwa na wewe unajua."

Akaendelea kuchora, mstari ukapinda. "Namuuliza kila siku. Kila siku ananijibu amepona. Mimi shemasi, mama. Nimwambie hapana, hukupona?"

"Na dawa unamchua ya nini?"

Akaiambia chokaa, kwa sauti ndogo: "Ya kulinda uponyaji."

Nilicheka hadi wakata miwa waliokuwa wakipita wakageuka. "Uponyaji wa Mungu unalindwa kwa kafuri ya dukani! Mwenyezi asipoipata dukani atafanyaje?" Lakini nilipofika nyumbani sikuwa nacheka tena. Nimekata kitunguu kilichokuwa hakitakiwi na mtu, nipate sababu ya kulia.

Februari 23, Jumapili

Nimeongea na Mchungaji baada ya ibada. Mpole, Arsenio. Alimzika mume wangu, akakesha nasi. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Alisikiliza, akanishika mkono, akasema, "Dada Vinda, Bwana alikwisha mponya. Shaka ya nyumbani ndiyo inayorudisha ugonjwa."

Shaka ya nyumbani! Nyumbani ni kwangu. Kwa hiyo kiwiko nimekivimbisha mimi, kwa kukitazama! Nilirudi nikafua hata visivyo vichafu. Nimefua mapazia. Nimefua kifuniko cha redio.

Machi 2, Jumapili

Mirelis amepiga simu kwa Nereida, nami nikaitwa kuipokea. Nikamweleza. Nikasikia kikongwe cha watu kikimwita huko nyuma yake.

"Mama, mtafuta vipaji anakuja tarehe kumi na tano. Bado kidogo tu. Usituharibie. Akichukuliwa, mimi narudi nyumbani."

Hapo alinishika penyewe. Nani hataki binti yake arudi? Nimekaa na neno hilo kutwa nzima kama mfupa kooni. Kila mtu anampenda mtoto huyu, na kila mtu anauning'iniza mzigo wake kwenye mkono ule ule mmoja.

Machi 5, Jumatano

Mimi husoma polepole, kidole mstarini, neno moja moja kama kuchambua mchele. Asubuhi nimefika kwa yule kipofu wa Bethsaida. Yesu akamtemea mate machoni, akamwekea mikono, halafu akamuuliza kama anaona kitu. Akamuuliza! Na akangoja jibu. Yule mtu akasema naona watu, lakini kama miti inayotembea. Maana yake: bado. Hakuona haya. Wala Bwana hakumwambia una shaka, wala hakupigiwa ngoma. Alimwekea mikono mara ya pili, ndipo akaona sawasawa.

Nimesimama nikazunguka meza. Kama Mwana wa Mungu alikubali kuambiwa bado, Arsenio ni nani?

Nimempelekea Mchungaji. Akasema andiko hilo lina mafumbo mazito. Nikamwambia, "Mafumbo gani? Kaulizwa, kasema kweli." Akasema tutaliongea baada ya mechi.

Machi 8, Jumamosi

Upepo. Majivu hadi kwenye chumvi.

Machi 14, Ijumaa

Nimemwomba Eliander aseme mwenyewe. Hataki. Nimemwomba Ubaldo asimpange. Anasema yeye si wa kuzuia alichofungua Mungu. Nimefua jezi, nikaianika chumbani, majivu yasiione. Nimeipiga pasi. Mkono wa kulia nimeupiga pasi kama navalisha maiti, nikajichukia kwa wazo hilo.

Machi 15, Jumamosi

Andika yote, Fredesvinda, usijipendelee.

Kambi nzima ilikuja, na kambi jirani, na wauza barafu. Mtafuta vipaji alikaa nyuma ya mdakaji, mtu wa kofia ya majani, na kile kichombo cha kupimia mwendo wa mpira. Mchungaji alileta kipaza sauti cha kanisa. Akaomba, halafu akatangaza uwanja mzima usikie: "Huyu ndiye kijana, na huu ndio mkono ambao Bwana ameuponya!" Watu vifijo. Nilimtazama mtoto wangu juu ya kichuguu. Alitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Duru ya kwanza, moto. Ya pili, moto. Mwenye kofia akaandika. Nereida, aliyekaa nami, akaninong'oneza, "Labda kweli kapona, shoga." Nami nilitamani. Nasema kweli, dakika ile nilitamani shaka iwe yangu na aibu iwe yangu.

Duru ya tatu nikaona. Akisharusha mpira, mkono haurudi. Unabaki unaning'inia, anauchukua kwa mkono wa glavu anaurudisha kifuani kama mtu anayeokota kitu cha mwenzake. Jasho halikuwa la jua. Mpira mmoja ukaenda kombo, ukampita mdakaji, ukagonga ukuta. Mchungaji akasema kwenye kipaza sauti, "Imani, kijana, imani!" Nikamtazama Ubaldo. Nilimtazama nikimwomba kwa macho: nyoosha mkono, wewe mtu, hiyo ndiyo kazi yako. Ubaldo alikuwa anamtazama mwenye kofia.

Nikasimama.

"Vinda, unakwenda wapi?" Nereida akanishika gauni. Likapasuka kidogo. Lipasuke.

Nikauvuka mstari wa chokaa kwa kandambili zangu. Mwamuzi, wa kambi jirani, akapiga kelele, "We mama! Toka! Hapa si sokoni!"

"Ningekuwa sokoni ningekuwa nimeshakupunja," nikamwambia, nikaendelea. Kichuguu ni kirefu kuliko kinavyoonekana ukiwa umekaa. Nilipanda nikihema.

"Bibi, rudi," Eliander akasema, midomo haichezi. "Watu wanatazama."

"Wana macho. Wayatumie."

"Unaniaibisha."

"Nakuaibisha, ndiyo. Nipe mpira." Nikanyoosha mkono.

"Nilisema nimepona, Bibi."

"Najua ulisema. Nilikuwepo, nikapiga kelele kuliko wote. Mungu hakukasirika, alikuwa anangoja ngoma zinyamaze. Nipe mpira."

Mwamuzi akafika. "Mwenye kutoa mrushaji ni kocha peke yake. Sheria." Akageuka akapaza sauti, "Ubaldo! Kocha wa watu hawa nani? Wewe, au bibi huyu?"

Ubaldo akamtazama tena mwenye kofia. Nikajua: atasema mimi, na mtoto atarusha, na hapo hapo mbele yangu kitu kitakatika ndani ya kiwiko kile. Ubaldo akavua kofia. Akaitazama, akaikunja.

"Leo ni yeye," akasema.

Eliander alitaka kunipa mpira, vidole havikufunguka. Akavifungua kwa mkono wa kushoto, kimoja, kingine, kingine. Ukaniangukia kiganjani ukiwa na joto, umelowa. Nikautia mfukoni mwa aproni. Akashuka bila kunitazama.

Mwenye kofia ya majani alikunja kichombo chake akaenda zake. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Kambi nzima ilimsikia Mchungaji akipumua.

Machi 16, Jumapili

Wamenitenga! Mimi! Niliyefua vitambaa vya meza ya Bwana tangu meza hiyo ikiwa masanduku mawili ya sabuni! Kosa: kuivunja imani ya kanisa mbele ya watu wa nje. Nisishiriki meza, nisiimbe, nikae benchi la mwisho mpaka watakapoona nimetubu. Na Ubaldo vilevile, kavuliwa ushemasi na uwanja.

Nimewauliza, "Nitubu nini, nipeni jina lake." Wakatazamana. Dhambi isiyo na jina, ila benchi inalo!

Machi 19, Jumatano

Eliander hasemi nami. Anashukuru kwa chakula, lakini anaishukuru sahani.

Machi 21, Ijumaa

Nereida kaniletea bakuli la maharage matamu, yale wanayopika Kwaresima, ya maziwa na viazi vitamu.

"Sisi hatufungi Kwaresima," nikamwambia.

"Kula, shoga. Maharage hayana dini."

Nimekula. Eliander naye amekula, akakwangua bakuli kwa mkono wa kushoto. Kidogo nilie.

Machi 23, Jumapili

Benchi la mwisho lina mguu mfupi, na limekatwa vibaya: akikaa mtu mmoja pembeni linanyanyuka upande wa pili. Kwa hiyo mimi mwisho huu, Ubaldo mwisho ule, kama ndoo mbili za maji kwenye mti wa begani. Akitaka kupiga chafya lazima aniambie.

"Yote haya sababu yako," nikamnong'oneza wakati wa mahubiri.

"Najua, mama. Usisimame tu."

Machi 28, Ijumaa Kuu

Nilikuwa naanika. Ubaldo akapita, nikamwambia, kwa vile una mwili wa bure hapo, niinulie kamba. Akanyanyua mkono wa kulia, ukafika begani ukakwama. Akageuka akainua kwa kushoto. Miaka yote namwona akipunga, akiomba, akichora mistari, sikuwahi kuona.

"Na wewe?"

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Waliniombea pia." Alikuwa anaitazama kamba. "Nilisema nimepona, kwa sauti kubwa sana."

"Ukajua hayo, na bado ukamwacha mtoto wangu arushe!"

"Nilidhani mimi ndiye sikuwa na imani, mama. Nilidhani yeye anayo."

Nilimpa kahawa na matusi, vyote pamoja, na vyote akavipokea. Mtu mzima amebeba mzigo huo tangu ujana, na hakuna hata mmoja aliyemwambia autue. Ni kanisa gani hili linalojua kupiga vifijo tu!

Machi 30, Pasaka

Tulikuwa tumeshakaa, mimi huku, Ubaldo kule. Eliander siku zote hukaa mbele na vijana. Leo aliingia, akasimama mlangoni, akaja kukaa katikati yetu. Benchi likatulia. Hakuniangalia. Bega lake tu lilinigusa.

Ulipofika wakati wa ushuhuda, dada mmoja akashukuru kwa mbuzi aliyepatikana. Halafu nikasikia bega limeondoka. Eliander amesimama. Kanisa likageuza shingo.

"Mimi nilisema nimepona," akasema. Sauti ilimkatika, akaianza upya. "Nilisema kwa sababu mlikuwa mmefurahi. Bado naumwa."

Hakuna aliyesema amina. Shemasi mmoja akaanza kuimba ili kufunika, hakuitikiwa, akaacha. Mchungaji Arsenio alikuwa ameshika mimbari kwa mikono miwili. Mimi nimekatazwa kuimba, lakini kusema hawakunikataza.

"Muulize, Mchungaji," nikasema kutoka kule nyuma. "Bwana aliuliza. Akangoja."

Akanitazama. Nilidhani atanitoa nje kabisa, nami nilikwisha kushika leso yangu niondoke. Badala yake akashuka mimbarini. Akaja njia yote ya katikati, akipita benchi baada ya benchi, hadi letu sisi waliotengwa. Akapiga goti, suruali ya Pasaka hiyo, kwenye saruji.

"Unaumwa wapi, mwanangu?"

Ndiyo mara ya kwanza mtu wa kanisa lile kumuuliza swali hilo.

"Hapa," Eliander akasema. "Na usiku, mpaka kwenye vidole."

Mchungaji akauweka mkono wake pale, bila mafuta, bila kupaza sauti. Sikusikia aliomba nini. Nilichosikia ni Ubaldo, amejifunika uso kwa kofia.

Aprili 3, Alhamisi

Ubaldo na Mchungaji wamempeleka mjini kwa daktari wa mifupa. Mshipa umevutika, haukukatika. Daktari kasema mechi moja zaidi, hata nusu mechi, ungekatika. Asirushe kitu mpaka msimu wa miwa ijayo. Nikauliza, akishapumzika atarusha kama zamani? Kasema, "Sijui, bibi. Bado mapema." Nimempenda. Daktari anayejua kusema sijui nampikia kuku.

Mirelis nimemwambia kwa simu. Alilia. Halafu akaniuliza, "Anaweza kufunga viatu?" Nikajua huyo bado ni binti yangu.

Aprili 20, Jumapili

Tumerudishiwa meza ya Bwana, na Ubaldo uwanja wake. Hawakutuomba radhi, wametutangaza tu kati ya kikao cha kina mama na bati linalovuja. Nikawaambia hadharani: kutenga mnatenga kwa kipaza sauti, kurudisha mnarudisha kwa mdomo mkavu! Wakaniomba nirudi benchi la mbele. Nimekataa. Nimelizoea lile la mguu mfupi, na kule nyuma ndiko wanakokaa wanaoumwa.

Mei 17, Jumamosi

Kiwanda kimezima. Mvua imekuja kwa kishindo, inapiga bati kama timu nzima inarusha mipira. Nimefua jezi mara moja tu, ikatakata, nikaianika chini ya kibanda, hakuna kilichoidondokea. Nimesimama naitazama kama mjinga.

Wenzake wamecheza asubuhi kabla ya mvua, wameshindwa vibaya. Eliander alikaa na Ubaldo pembeni, akimwelekeza mrushaji mpya. Ubaldo sasa haangalii wenye kofia. Duru ya nne mrushaji akaanza kushika bega, Ubaldo akaenda mbio, mkono umenyooka tangu hajafika.

Jioni mtoto amekuja jikoni. Amesimama mlangoni kama ana deni.

"Bibi, ule mpira uko wapi?"

"Mahali pake." Uko kwenye kopo la unga, tangu siku ile.

"Nipe."

"Bado, Eliander."

"Najua bado," akasema. "Sitaurusha. Nataka kuushika tu."

Nikautoa, nikaupangusa unga kwa aproni. Akanyoosha mkono. Wa kulia. Haujanyooka wote, umebaki na kona yake, lakini ulinijia wenyewe, bila kubebwa na mwenzake. Nikauweka mpira kiganjani.

Amekaa nao mpaka mvua ikapungua, akiuzungusha, akiutafuta ushonaji wake kwa vidole. Kisha akala ukoko wote, hata wangu.